Spika Dhaifu Katika Gari la Turubai

Likizo iliyopita, hapa Babati, baba alikusudia kununua spika mpya za gari lake kuukuu la turubai, kwa fedha za nauli na madaftari yangu. Sauti nzito haikusikika kabisa. Nikamwomba anipe siku moja.

Kwanza nilitazama karatasi za spika, hazikuchanika. Kisha nilichomoa waya kwenye redio, nikazigusisha upesi kwenye betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya. Spika moja ilisukuma karatasi nje, ya pili ikaivuta ndani. Kumbe waya zake zilikuwa zimegeuzwa! Spika zikipingana hivyo, sauti nzito hufutana. Nikazigeuza, sauti ikajaa. Wenzangu, pimeni kwanza, ndipo mnunue.