SOMO LA TAWI: KUNDI LA SIMU KAZINI LITUSAIDIE, LISITUTAWALE



Siku hizi kazi za shamba la chai huweza kupangwa kwa kundi la WhatsApp. Wachumaji wako kilimani, dereva yuko njiani, fundi yuko kiwandani, na meneja pengine yuko Kampala. Hawaonani, lakini kazi yao ni moja. Tujifunze: je, kundi hili linaendesha kazi au linaikwamisha?

1. Faida. Jani la chai likichumwa halingoji. Likishindiliwa katika gunia na kukawia, hupata joto na kuwa jekundu, na chai huharibika. Lori likikwama matopeni, ujumbe mmoja huleta trekta mapema.

2. Hasara. Mchumaji anayelipwa kwa kilo, kila akisimama kusoma mizaha, kilo zake hupungua. Kwenye mashine ni hatari zaidi: macho yako kwa simu, mkono uko kwa chuma. Tena, nyapara akimwaibisha mtu mbele ya kundi zima, wengine huanza kuficha makosa. Mashine yenye hitilafu haitajwi mpaka imekufa.

3. Gharama. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ya Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila mtumiaji wa mitandao hiyo. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikawekwa asilimia 12 juu ya intaneti. Basi amri ya mwajiri ikija kwa simu yako, wewe ndiwe unayeilipia.

4. Saa. Sheria ya Ajira ya 2006 inaweka saa 48 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Siku za sikukuu, mara mbili. Ufaransa, tangu 2017, sheria inawataka waajiri wakubwa kujadiliana na wafanyakazi juu ya haki ya kuacha simu za kazi baada ya saa. Nasi tunasema: amri ya saa nne usiku ni kazi, na ihesabiwe.

Tudai haya katika mapatano:
(a) kundi liwe la habari za kazi tu;
(b) makosa yazungumzwe faraghani;
(c) mwajiri alipie intaneti;
(d) amri zibandikwe pia ubaoni, ili asiye na simu asiitwe mtoro.

Maswali ya kuzungumza tawini: Nani anaongoza kundi lenu? Wiki iliyopita lilileta amri ngapi baada ya saa za kazi? Ziandikeni, tarehe na saa, mkampe mwakilishi wenu. Madai yasiyo na maandishi hupotea njiani.

Umoja ni nguvu.