Moteri za umeme zinazokula kuranti kidogo: soko linaelekea wapi, na koperative inunue gani?



Katika vijiji vingi vya mashariki ya inchi yetu, fasi umeme ulifika, wenye mashini za kusaga wanaanza kuacha mazuti na kutia moteri ya umeme. Tuliona hivyo Mutwanga, ambako kituo kidogo cha nguvu ya maji kinafanya kazi tangu 2013, na Rutshuru, kisha kituo cha Matebe kuanza kutoa umeme mwisho wa 2015. Unga, muchele, kahawa, mafuta ya mawese: kazi hizi zote zinahitaji kitu kinachozunguka, na kile kinachozungusha ni moteri.

Kuko ulizo moja linalorudia katika komite nyingi tunazotembelea. Dukani kuko moteri mbili, nguvu yao ni sawasawa, rangi yao inafanana, lakini moja ni ya bei ya juu kuliko ingine. Mutunza-feza anasema: «Tuchukue ya bei ndogo, makuta ni ya wanamemba wote.» Je, ana haki? Somo hili litawasaidia kujibu. Tutaanza mbali kidogo, katika viwanda vya dunia, sababu kinachotokea kule ndicho kinachoamua aina ya moteri inayofika kwenye soko letu.

1. Kwa nini dunia inaangalia moteri?

Karibu nusu ya umeme wote unaotumiwa duniani unapita katika moteri. Ndani ya viwanda, ni karibu asilimia 70. Hizo ni pompa za maji, vipepeo vya upepo, mashini za kusaga, mikaba inayobeba mizigo. Taa tunaiona, moteri hatuioni, lakini yeye ndiye mulaji mukubwa.

Moteri haigeuzi umeme wote kuwa nguvu ya kuzungusha. Sehemu fulani inapotea kama joto. Ukitia mukono karibu na moteri iliyofanya kazi siku muzima, ile joto unayosikia ulishailipa kwenye fakitire. Moteri nzuri ni ile inayopoteza kidogo.

2. Vyeo vya moteri

Tangu 2008 kuko kipimo kimoja cha dunia muzima. Kinaandikwa kwa herufi IE pamoja na namba. IE1 ni cheo cha chini, IE2 inafuata, IE3 ni nzuri, na IE4 ni nzuri zaidi. Namba inapopanda, upotevu unashuka.

Tuchukue mufano wa moteri ya kilowati 7,5, ni kusema nguvu ya farasi 10, inayotosha mashini ya kusaga ya kadiri. Kwa moteri ya namna hii, ya faze tatu, inayozunguka karibu mara 1 500 kwa dakika, kipimo kinasema hivi:

– IE1: kwa umeme 100 unaoingia, 86 inafanya kazi, 14 inapotea.
– IE2: 88,7 inafanya kazi.
– IE3: 90,4 inafanya kazi.
– IE4: 92,6 inafanya kazi.

Mutu anaweza kusema: «Tofauti ya 4 ao 5 tu, si kitu.» Ngoja tufike kwenye hesabu.

3. Sheria zinasukuma soko

Marekani walitunga sheria juu ya moteri mwaka wa 1992, na ikaanza kutumika 1997. Umoja wa Ulaya ulikataza IE1 kwa moteri mupya za faze tatu katika mwaka wa 2011, kisha ukapandisha kiwango hatua kwa hatua. Tangu Julai 2021 moteri nyingi za faze tatu, kuanzia kilowati 0,75 na kupanda, zinapaswa kuwa IE3. Tangu Julai 2023, zile za kilowati 75 mpaka 200 zinapaswa kuwa IE4. Huko China, fasi moteri nyingi za dunia zinatengenezwa, IE3 ikawa kiwango cha chini katika mwaka wa 2021. Jirani zetu wa Kenya nao, katika sheria yao ya 2016, walitia moteri za faze tatu kati ya vyombo vinavyopaswa kufikia kiwango.

Hiyo ina maana gani kwetu sisi? Kuko mambo mawili.

Jambo la kwanza ni zuri. Kiwanda kinachotengeneza IE3 kwa wingi kinaweza kupunguza bei yake. Moteri ambayo zamani ilikuwa ya tajiri sasa ni ya kawaida.

Jambo la pili ni la kuangalia kwa macho mawili. Moteri isiyoruhusiwa tena fasi moja inatafuta soko fasi ingine. Mizigo mingi ya Goma, Butembo na Bukavu inatoka Asia na kupita Mombasa ao Dar es Salaam. Lakini muzigo wa transiti unapita tu njiani: sheria ya inchi unayopitia haiuchunguzi kwa niaba yenu. Kisha kuko moteri za okazio zilizotolewa katika viwanda vya kizungu sababu zilizeeka. Zinaweza kuwa na chuma kizito na bado kuwa za cheo cha chini. Munapofika dukani, mulinzi wenu ni macho yenu wenyewe.

4. Hesabu: tununue gani?

Turudie ile moteri yetu ya kilowati 7,5. Tuseme inafanya kazi kwa nguvu yake yote saa 8 kila siku, siku 300 kwa mwaka. Hiyo ni saa 2 400. Tuseme tena kilowati-saa moja inalipiwa dola 0,20. Munyi mutatia bei yenu wenyewe, ile iliyoandikwa kwenye fakitire yenu.

IE1 inavuta kilowati 8,72. IE3 inavuta kilowati 8,30. Tofauti ni kilowati 0,42 hivi. Kwa saa 2 400, tofauti inafika kilowati-saa karibu 1 020. Mara dola 0,20, ni dola 204 kila mwaka.

Sasa tuseme IE3 inauzwa dola 150 zaidi ya IE1. Kisha miezi 9 dola 150 zimerudi. Miezi inayofuata, faida inabaki kwenye sanduku la koperative, mwaka kwa mwaka.

Lakini musikimbilie kusema IE3 inashinda kila fasi. Chukueni koperative ya kahawa ambayo mashini yake inafanya kazi wakati wa mavuno tu, saa 3 kwa siku, siku 100. Hiyo ni saa 300. Hapo faida inakuwa dola 25 kwa mwaka, na zile dola 150 zitarudi kisha miaka 6. Koperative hiyo inaweza kupata faida zaidi ikitumia makuta hayo kwa kutengeneza kikaushio cha kahawa.

Kwa hiyo kanuni ni hii: anza kwa kuhesabu masaa. Moteri ya masaa mengi inunuliwe ya cheo cha juu. Moteri ya masaa machache inunuliwe ngumu na ya kutengenezeka, hata kama cheo chake ni cha katikati.

Angalieni pia jambo hili: ile moteri ya IE1, kwa saa 2 400, inakula umeme wa dola zaidi ya 4 000 kwa mwaka mumoja. Hiyo ni mara nyingi kuliko bei ya moteri yenyewe. Mutunza-feza wetu aliangalia bei ya dukani, na dukani munalipa mara moja tu. Fakitire inarudi kila mwezi.

5. Variateri: chombo cha kupimia mwendo

Kitu kingine kinachoenea sana katika viwanda ni variateri. Ni kisanduku kinachotiwa kati ya umeme na moteri, ili moteri izunguke pole ao mbio kufuatana na kazi. Kampuni Danfoss ya Denmark ilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka wa 1968. Wakati ule ilikuwa kubwa na ya bei kali. Leo ya moteri ndogo inashikwa kwa mukono mumoja, na bei yake ilishuka sana.

Inafaa wapi? Kwa pompa za maji na vipepeo vya upepo. Pompa inayosukuma maji katika mabomba kwa mwendo wa asilimia 80 inahitaji karibu nusu tu ya nguvu. Punguza mwendo kidogo, umeme unashuka sana. Lakini muangalie: kama pompa yenu inapandisha maji kutoka mutoni mpaka juu ya mulima, sehemu kubwa ya nguvu inakwenda kushinda ule urefu. Hapo faida ni ndogo, na mukipunguza mwendo kupita kiasi maji hayatafika juu.

Kwa mashini ya kusaga mahindi na muhogo, variateri haitapunguza sana fakitire, sababu mashini ya nyundo inahitaji mwendo wake wote. Hapo inasaidia kwa kitu kingine: kuwasha. Moteri inayowashwa moja kwa moja inavuta kuranti mara 5 mpaka 7 ya kawaida kwa muda mufupi. Ndipo taa za kijiji zinafifia na majirani wanalalamika. Variateri inaipandisha polepole.

Soko linaelekea pia kwenye jua. Kuko variateri zinazopokea umeme wa pano moja kwa moja na kuendesha pompa ya faze tatu bila batri. Jua likiwa kali pompa inakimbia. Wingu likipita inapunguza mwendo. Maji yanawekwa katika tanki, na tanki inachukua fasi ya batri.

6. Shaba yetu iko ndani

Moteri ya cheo cha juu mara nyingi inatiwa shaba nyingi zaidi katika bobine yake. Shaba hiyo, munajua inatoka wapi: Kongo sasa ni ya pili duniani kwa kutoa shaba, nyuma ya Chile. Inatoka Kolwezi na Likasi, inakwenda mbali, kisha inarudi kwetu ndani ya moteri. Bei ya shaba ikipanda kwenye soko la dunia, bei ya moteri nayo inasukumwa juu.

Moteri zingine za cheo cha juu zina sumaku kali ndani. Zinakula umeme kidogo sana, lakini nyingi haziendi bila variateri, na ni watu wachache vijijini wanaojua kuzitengeneza. China ndiyo inasafisha sehemu kubwa ya madini ya sumaku hizo. Kwa koperative ya kijijini, kwa sasa, IE3 ya kawaida isiyo na sumaku ni rahisi zaidi kuitunza.

7. Hasara isiyoandikwa kwenye kibao

Moteri nzuri inaweza kula sana kama haitunzwe:

– Moteri kubwa kupita kazi. Kazi ya kilowati 7,5 kuitilia moteri ya 15 ni kupoteza.
– Mukaba uliolegea. Ukiteleza, nguvu inaishia katika joto. Angalieni kila juma.
– Kubobina vibaya. Kuko mafundi wanaochoma bobine ya zamani kwa moto mukali ili shaba itoke upesi. Moto huo unaharibu chuma cha ndani, na moteri inakula zaidi maisha yake yote. Ulizeni fundi anaitoa namna gani.
– Umeme uzaifu. Volti zikishuka, moteri yenye muzigo inavuta kuranti zaidi na kupata joto. Muizime, mungoje.
– Unga na vumbi juu ya mabawa ya kupozea. Mufagio mudogo kila jioni unatosha, kisha kuizima.

8. Mbele ya kutoa feza

Someni kibao cha chuma kilichopigiliwa kwenye moteri. Kinapaswa kuonesha kilowati, volti, kuranti, mizunguko kwa dakika, na cheo IE. Kama kibao kimetolewa ao kimekwanguliwa, muache moteri hiyo. Ombeni maandishi ya garanti. Hakikisheni kama umeme wa kijiji ni wa faze moja ao tatu. Ulizeni kama rulema zake zinapatikana karibu. Na hesabu muiandike kwenye daftari ya koperative, ili wanamemba wote waione mbele ya kupiga kura.

Maulizo ya kuzungumuza katika kikundi

1. Mashini yetu inafanya kazi masaa mangapi kwa mwaka? Nani anayaandika?
2. Kilowati-saa moja tunailipa ngapi?
3. Tukitia namba zetu katika hesabu ya sehemu ya 4, tofauti ya bei itarudi kisha miezi mingapi?
4. Ni hasara gani ya sehemu ya 7 tunaweza kuondoa juma hili, bila kununua kitu?

Koperative itakayojibu maulizo haya mane haitadanganywa na rangi ya moteri wala maneno ya muuzaji.