Michezo Mitatu kwa Mpigo: Funzo Nililolipata Majini

Chama chetu kimenipa nafasi niandike juu ya michezo. Nimeonelea niwaeleze kuhusu trayathloni, mchezo ambao wengi wetu hapa Kajiado hatujauzoea. Kwanza nitaeleza ni mchezo gani, kisha nitasimulia yaliyonipata Kitengela wakati wa likizo ya Agosti, na mwisho nitataja mafunzo niliyoyapata. Mwenye macho haambiwi tazama.

TRAYATHLONI NI NINI?

Ni mashindano ya michezo mitatu inayofuatana bila mapumziko: kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia. Neno lenyewe lina asili ya Kigiriki, na ndani yake mna maana ya "tatu" na "shindano". Saa ikishaanza kuhesabu haisimami mpaka umalize mbio. Hata muda wa kuvaa viatu na kofia ngumu ya baiskeli unahesabiwa. Ndiyo maana wachezaji husema kwa utani kwamba kubadilisha ni mchezo wa nne.

Mchezo huu ulianza San Diego, Marekani, mwaka wa 1974. Mwaka wa 1978, huko Hawaii, watu 15 walijaribu mashindano marefu ya kupindukia: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, halafu marathoni nzima ya kilomita 42.2. Waliomaliza ni 12. Trayathloni iliingia katika Olimpiki mwaka wa 2000 mjini Sydney, kwa umbali wa kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40 na mbio kilomita 10. Hapa Afrika Mashariki, Agosti 2022, mashindano ya nusu ya ule umbali mrefu yalifanyika Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu.

Kwa wanaoanza kuna umbali mfupi. Ule wa kawaida ni mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za mbio. Pengine sehemu ya majini hupunguzwa, hasa mashindano yakifanyiwa kwenye bwawa.

NILIVYOJIPATA HUMO

Mimi ni mkimbiaji. Nilikuwa nikijitayarisha kwa nusu marathoni ya Nairobi, yaani kilomita 21.1. Kila alfajiri hapa shuleni nilikuwa nikikimbia hadi nje ya mji, huku ng'ombe wakipelekwa malishoni. Nyanda zetu ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na anayefanya mazoezi hapa hupata pumzi. Lakini nilizidisha. Goti la kushoto likaanza kuuma, nikawa nashuka ngazi za bweni kama mzee. Mwalimu wa michezo akaniambia, "Punguza mbio, kijana. Endesha baiskeli, ogelea. Moyo na mapafu havijui unatumia mchezo gani."

Likizo ilipofika nikaenda nyumbani Kitengela. Huko nikasikia kuna trayathloni ndogo ya wanaoanza: mita 400 bwawani, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za mbio. Nikajiandikisha siku hiyo hiyo. Kwenye fomu palikuwa na swali: "Unajua kuogelea?" Nikaandika "Ndiyo."

Wenzangu, hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimeingia bwawani mara tatu tu maishani. Jina Kajiado linatokana na neno la Kimaasai Olkejuado, yaani mto mrefu, lakini mto wenyewe mara nyingi ni mchanga mtupu. Sisi wa Kitengela maji tunayajua kwa mtungi na bei yake. Nani angenifunza kuogelea? Nikajiambia, hii ni maji tu, mita 400 ni nini kwa mtu wa kilomita 21?

Baiskeli niliazima kwa mjomba. Ni Black Mamba yenye keria, anayobebea mitungi ya maji ya kuuza. Akaniangalia kwa muda kabla ya kuniachia. "Sikia, mpwa wangu," akasema. "Hii baiskeli ndiyo unga wa hapa nyumbani. Irudi mzima, na wewe urudi mzima." Nikamjibu, "Usijali, mjomba."

SIKU YA SIKU

Bwawa lilikuwa la mita 25, kwa hivyo tulipaswa kulivuka mara 16. Firimbi ilipolia nilijitupa kwa nguvu zangu zote kama mtu anayekimbia mita 100. Mara ya kwanza na ya pili nilikuwa mbele ya wengine, hata nikasikia watu wakishangilia. Mara ya nne mikono ikawa mizito. Mara ya tano, katikati ya kina, niliinua kichwa nivute pumzi nikameza maji. Nikakohoa, nikameza tena. Miguu nikaishusha nitafute chini, chini hakuna.

Nilitaka kupiga kelele lakini sauti haikutoka. Ajabu ni kwamba aliyekuwa kando yangu aliendelea kuogelea, hakujua lolote. Nilidhani mtu anayezama hupiga mayowe. Kumbe mara nyingi huzama kimya, kwa kuwa pumzi ya kupigia mayowe hana.

Mwokoaji ndiye aliyeniona. Alininyoshea mti mrefu, nikaushika kwa mikono miwili, akanivuta hadi ukingoni. Nilikuwa natetemeka hata meno yanagongana. Nikamwambia, "Pole, kaka. Najua nimeharibu." Akachuchumaa karibu yangu akasema polepole, "Dogo, kushika kamba si kosa. Kosa ni kuandika unajua na hujui. Leo kwako bwawa limekwisha."

Sheria za mchezo huu humruhusu mwogeleaji ashike kamba au mashua iliyosimama apumzike, mradi isimsogeze mbele. Mimi sikujua hata hilo. Na kwa kuwa sikumaliza kuogelea, jina langu lilifutwa katika matokeo.

Nilikaa nusu saa nimejifunika taulo. Wasimamizi walipoona nimetulia na sikohoi tena, waliniruhusu niendeshe nyuma ya wengine, bila kuhesabiwa. Nikapanda Black Mamba kwenye barabara ya murram, upepo wa nyanda ukinipiga kifuani. Baiskeli haina gia, lakini sikuwa na wa kushindana naye. Nilipoanza kukimbia, miguu ilikuwa kama ya mtu mwingine, kwa kuwa misuli iliyozoea kuzungusha kanyagio haibadiliki mara moja. Nilipunguza hatua, na baada ya kilomita moja hivi mwili ukakubali. Nilimaliza wa mwisho. Goti halikuuma hata kidogo.

Jioni nilimrudishia mjomba baiskeli. Akaipapasa tairi, kisha akaniuliza, "Na wewe?" Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ningemwambia nini mama yako?" Swali hilo bado liko nami.

MAFUNZO

La kwanza, tujifunze kuogelea kabla ya kushindana. Anayeanza apumue nje akiwa uso uko majini, avute hewa akigeuza kichwa kando, na asiende mwendo wa kasi mwanzoni. Tena asiingie bwawani bila mtu anayeweza kumwokoa. Ukimwona mwenzio anazama na hujui kuokoa, usiruke. Mnyoshee mti, kamba au hata mtungi mtupu uliofungwa vizuri, na uite watu.

La pili, mazoezi ya aina nyingi husaidia. Kwa majuma yaliyofuata nilikimbia siku tatu, nikaendesha baiskeli siku mbili, na siku moja nikafundishwa kuogelea kwenye kina kifupi. Nusu marathoni niliimaliza bila kuchechemea.

La tatu, na ndilo kubwa, ni afadhali aibu ya kusema "sijui" kuliko msiba wa kujifanya unajua. Hata darasani ni hivyo. Mwalimu akiuliza, "Mmeelewa?" wangapi tunaitikia "Ndiyo" na hatujaelewa? Tofauti ni kwamba darasani tunazama mwezi wa mtihani. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga.

ZOEZI

1. Kwa nini mwandishi alisema "ndiyo" kwenye fomu?
2. Eleza maana ya maneno ya mjomba: "Hii baiskeli ndiyo unga wa hapa nyumbani."
3. Jadilini: Je, shule za maeneo makavu zinahitaji somo la kuogelea?