Mmoja anaugua malaria, mwenzake haugui

SWALI: Daktari, nina wavulana wawili, wa miaka saba na minne. Wanalala chumba kimoja. Mvua ikianza, mdogo huugua malaria. Mkubwa hata kuumwa kichwa hajui. Shemeji yangu anasema mkubwa amerithi damu ya kwao Homa Bay, hahitaji neti. Ni kweli? – Mama wa wawili, Mitunguu, Meru.

JIBU: Mama, shemeji amepatia nusu, na hiyo nusu nyingine ni ya hatari.

Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa Oxford aliyekulia Kenya, alikuja na msafara wa Mlima Kenya, mlima wenu huo huo, akawa anapima damu za watu wa jamii mbalimbali. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, iliko Homa Bay, alikuta jeni ya selimundu (sikoseli) kwa wingi, katika baadhi ya jamii zaidi ya mtu mmoja kati ya watano. Nyanda za juu ilikuwa adimu. Mwaka 1954 alichapisha sababu: anayeirithi kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria. Utafiti uliofanywa baadaye kule Kilifi umeonyesha kwamba kinga hiyo dhidi ya malaria kali hukaribia asilimia 90. Na ndugu wa tumbo moja hawarithi sawa. Mmoja huipata, mwenzake akaikosa.

Lakini kinga hiyo haimzuii mbu kuuma. Mkubwa anaweza kubeba vimelea bila homa yoyote, mbu akavitoa kwake akampelekea mdogo aliye kitanda cha pili. Tena huenda hana jeni hiyo kabisa: mtoto wa miaka saba aliyekulia penye malaria huwa mwili wake umeshaizoea kiasi.

Mimi wasiwasi wangu uko kwa mdogo. Kama wewe na mumeo nyote mna jeni hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu. Huyo hana kinga ya kujivunia. Malaria humzidi haraka, na kwa kuwa bandama yake imeharibika, nimonia pia. Akiwa na macho ya manjano, vidole vilivyovimba au maumivu ya mifupa, usingoje.

Wapeleke wote wawili hospitalini wapimwe aina ya hemoglobini. Mdogo akipata homa tena, apimwe malaria kabla ya kumeza dawa. Na neti, mwambie shemeji, ni ya wote wawili.