Naomba uhakimu na kesi yangu bado iko mahakamani

SWALI: Nimemaliza mafunzo ya sheria kwa vitendo, nataka kuomba kazi ya hakimu mkazi. Mwaka jana nilishtakiwa kwa kukutwa na sangara wa chini ya sentimita 50 kwenye mtumbwi wa familia, Mwaloni Kirumba. Kesi haijaisha. Lazima niitaje? – Msomaji, Ilemela.

JIBU: Itaje, hata kama una hakika utashinda. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Kwa hiyo kesi peke yake haikufanyi mkosaji. Lakini ukiulizwa kama una shauri la jinai ukajibu “hapana”, umeidanganya Tume ya Utumishi wa Mahakama, ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu. Hilo naliona zito kuliko samaki wote wa mtumbwi ule. Kesho utamwapisha shahidi aseme kweli tupu, utamtazamaje?

Mahakama ya Juu ya India ililipima jambo hili mwaka 2016 katika shauri la Avtar Singh: mwajiri anaweza kusamehe kosa dogo lililofichwa, ila mwombaji hana haki ya kuficha.

Andika namba ya kesi, mahakama, shtaka na hatua iliyofikia, uambatishe nakala ya hati ya mashtaka. Fomu isipouliza, weka maelezo hayo kwenye barua. Na kesi ikiondolewa kabla hujaitwa kujitetea, usiandike “nimeachiwa huru”: unaweza kushtakiwa upya. Andika “imeondolewa”.