Vidonda vya Tumbo: Usilaumu Pilipili Tu

Ukilalamika kwamba chembe cha moyo kinawaka, iwe Barking au Tottenham, jibu la nyumbani ni moja: punguza pilipili, acha mawazo, kunywa maziwa. Waliodhani hivyo si sisi tu. Hapa hapa London, katika hospitali ya Central Middlesex, Richard Doll na Francis Avery Jones walipekua kazi za watu wakitafuta nani hupata vidonda vya tumbo, wakachapisha matokeo mwaka 1951. Doll ndiye huyo huyo aliyesaidia kuonyesha kwamba sigara huleta saratani ya mapafu. Hata jicho kali kama lake halikumwona mhalifu halisi.

Alikuja kuonekana Perth, Australia. Robin Warren aliona bakteria waliojipinda kwenye nyama ndogo zilizokatwa tumboni mwa wagonjwa, na mwaka 1982 yeye na Barry Marshall wakafaulu kuwaotesha maabara. Wenzao hawakuamini. Mwaka 1984 Marshall akanywa mchuzi wa bakteria hao, na siku chache baadaye akawa anatapika. Tuzo ya Nobel waliipata 2005. (Tafadhali usimuige.)

Bakteria huyo anaitwa Helicobacter pylori. Karibu nusu ya watu duniani wanaye, wengi wao bila dalili yoyote. Kwa kawaida tunaambukizana utotoni, ndani ya nyumba, kwa hiyo aliyekulia Tanga au Goma anaweza kutua Heathrow naye bila habari.

Anaishije ndani ya asidi? Huvunja urea kuwa amonia, ikapoza asidi inayomzunguka, kisha hujichimbia kwenye ute unaofunika ukuta wa tumbo. Wengi wao huelea humo bila hata kuigusa seli. Hapo ndipo vifuko vinapoingia. Bakteria hubandua vifuko kutoka kwenye ngozi yake ya nje, vidogo kiasi kwamba mamia vingepangana kwenye upana wa unywele mmoja. Ndani yake mna sumu, mojawapo ikiitwa VacA, ambayo huzitoboa na kuzidhoofisha seli. Seli huvimeza, na madhara hufika mahali ambapo bakteria mwenyewe hakufika.

Seli zetu nazo hutoa vifuko. Ni njia yao ya kutumiana habari kila siku. Zikiambukizwa, hugeuka tarishi wa adui: watafiti wamekuta vifuko hivyo vimebeba CagA, protini ya bakteria inayohusishwa na saratani ya tumbo, hata ndani ya damu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimweka bakteria huyu kwenye orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1994. Walio wengi hawafiki huko, lakini dawa ya kutuliza asidi peke yake haimwondoi bakteria.

Mwombe GP wako, yaani daktari wa mtaa, kipimo cha pumzi au cha choo. Kujiandikisha kwa GP hakudai karatasi za uhamiaji, na mkalimani ni bure. Kabla ya kupima, dawa za asidi kama omeprazole huachwa wiki 2 na antibaiotiki wiki 4, la sivyo bakteria hujificha na majibu yakadanganya. Akipatikana, tiba ya kawaida ni siku 7: antibaiotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Sema mapema kama penisilini inakudhuru. Ukipewa antibaiotiki ya metronidazole, pombe weka kando hadi siku 2 baada ya kumaliza. Maumivu yakiisha siku ya tatu, bado zimebaki nne.

Mtajie GP pia ibuprofen au aspirini unayomeza kwa ajili ya mgongo, maana hizo nazo huchimba vidonda bila msaada wa bakteria yeyote. Ukikonda bila sababu au chakula kikikwama kooni, usingoje kipimo cha pumzi; mwone GP haraka. Ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi na chenye kunata kama lami, piga 999 au nenda idara ya dharura, hata kama ni saa nane za usiku.