Kansa ya Mlango wa Kizazi: Tusingoje Damu Itoke

Katika somo hili tutajifunza juu ya kansa ya mlango wa kizazi. Kansa ndiyo hiyo hiyo ambayo hospitalini mtasikia ikiitwa saratani. Tumechagua aina hii moja tu, maana kansa ziko nyingi, na mtu akitaka kuzieleza zote kwa siku moja hataeleza hata moja. Hii ndiyo inayowapata wanawake wa Tanzania kuliko kansa nyingine yoyote. Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa wanawake zaidi ya 10,000 nchini waliipata mwaka huo, na zaidi ya 6,000 walikufa. Nayo ni kansa inayoweza kuzuiwa kabla haijaanza. Hapo ndipo uchungu ulipo.

Wazee wetu mnakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakachukua majembe wakachimba vyoo. Mambo ya wakati ule yalionekana kwa macho: mbu, kinyesi, maji machafu. Ugonjwa wa leo umejificha mwilini, na jembe halifiki huko.

Mji wa mimba umekaa kama kibuyu kilichogeuzwa, shingo ikiwa chini. Shingo hiyo ndiyo mlango wa kizazi. Mtoto hupita hapo anapozaliwa. Kansa ya mahali hapo karibu siku zote huletwa na virusi viitwavyo virusi vya papiloma. Virusi hivi viko vya aina nyingi. Mwanasayansi wa Kijerumani, Harald zur Hausen, pamoja na wenzake, walitambua aina mbili zilizo mbaya zaidi, namba 16 na namba 18, mwaka 1983 na 1984. Kati ya wagonjwa 10, wapatao 7 huugua kwa ajili ya aina hizo mbili. Mwaka 2008 mtaalamu huyo alipewa tuzo ya Nobel.

Virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana. Basi hapa watu huanza kunong'ona, eti mama fulani ameugua kwa sababu ya tabia yake. Tuseme wazi: hayo si kweli. Karibu kila mtu mzima aliyewahi kulala na mwenzake amekutana na virusi hivi wakati fulani. Mwanamume huvibeba bila kuumwa wala kujua. Mke aliyetulia nyumbani kwake anaweza kuvipata kwa mumewe, na mume naye alivipata kabla hawajaoana. Kwa wengi mwili huvishinda wenyewe katika mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache vinabaki, vinaharibu mlango wa kizazi polepole, na kwa kawaida kansa huja baada ya miaka 10 hadi 20.

Miaka hiyo yote mama analima, anapika, anabeba kuni, wala hasikii maumivu yoyote. Ndiyo nafasi yetu hiyo.

Sasa tuangalie mikoa yetu. Mwenye virusi vya Ukimwi yuko katika hatari ya kupata kansa hii mara 6 kuliko asiye navyo, na kwake yaweza kuja haraka zaidi, miaka 5 hadi 10. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kuwa kati ya watu wazima 100, wenye virusi vya Ukimwi walikuwa karibu 13 Njombe, 11 Iringa, na karibu 10 Mbeya. (Njombe nayo ilikuwa Iringa hadi mwaka 2012, kwa hiyo tusijitenge.) Mama anayekwenda kliniki kuchukua dawa za kupunguza makali asitoke hapo bila kuuliza juu ya kipimo cha mlango wa kizazi. Na uvutaji wa sigara nao huongeza hatari.

Kipimo chenyewe hakina mashine kubwa. Muuguzi hufungua njia kwa kifaa maalumu, kisha hupaka siki kwenye mlango wa kizazi. Ndiyo, siki, ndugu ya ile ya kachumbari, ila imepimwa nguvu yake. Akingoja dakika moja hivi, mahali palipoanza kuharibika hugeuka peupe. Palipo pazima hapabadiliki. Pakionekana peupe, na pakiwa padogo, mara nyingi mama hutibiwa siku hiyo hiyo: pale mahali panagandishwa kwa baridi kali au panaunguzwa kwa joto. Hakuna kulazwa. Siku kadhaa atatokwa na majimaji, na asikutane na mumewe kwa wiki 4 au zaidi, kama atakavyoelezwa. Hilo mume alijue mapema. Katika darasa moja baba mmoja alituuliza, "Sasa mimi mwezi mzima nifanyeje?" Wanawake walicheka sana. Tulimjibu kwamba wakati wa uzazi alingoja, na hapa pia atangoja.

Mwanamke wa miaka 30 hadi 50 ndiye anayehimizwa zaidi kupimwa. Mwenye virusi vya Ukimwi aanze akiwa na miaka 25. Akikutwa salama arudi baada ya miaka 3, na mwenye virusi vya Ukimwi arudi mapema zaidi, kama kliniki itakavyompangia. Ulizeni katika zahanati yenu ni kituo gani cha afya kilicho karibu kinachopima.

Kwa binti zetu iko chanjo. Serikali ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, kwa wasichana wa miaka 14, sindano mbili. Tangu mwaka 2024 ni sindano moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Yako maneno vijijini kwamba chanjo hii inafunga kizazi. Haifungi. Wasichana wengi duniani wamechanjwa tangu mwaka 2006, nao wamekua, wamezaa. Wengine wanauliza, kwa nini mtoto mdogo hivyo? Kwa sababu chanjo huzuia virusi visiingie, haivitoi vikishaingia. Mbolea ya kupandia huiweki wakati wa kuvuna. Hata aliyechanjwa, akifikia umri, naye apimwe.

Dalili zikitokea, mara nyingi ugonjwa umekwisha kutembea: damu baada ya kujamiiana, damu katikati ya mwezi, damu kwa bibi aliyekwisha koma hedhi, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu ya kiuno. Bibi akiona damu asifurahi kwamba ujana umerudi. Aende hospitali juma hilo hilo. Miezi mitatu ya kuzunguka na mizizi ndiyo inayopoteza watu wetu wengi.

Kansa ikigunduliwa mapema hukatwa kwa upasuaji, na mama hupona. Ikiwa imesogea, tiba ni mionzi pamoja na dawa za mishipa. Wataalamu walithibitisha mwaka 1999 kwamba mionzi na dawa zikitolewa pamoja watu wengi zaidi hupona kuliko mionzi peke yake. Wagonjwa wetu wengi wamekwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mahali pekee nchini penye mionzi, kabla Bugando ya Mwanza haijaanza nayo. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, kwa basi la kuteremka Kitonga au kwa reli ya TAZARA. Na mionzi si ya siku moja. Ni wiki 5 au zaidi, karibu kila siku ya kazi.

Kwa hiyo familia ikae kikao kabla ya safari. Nani ataandamana naye? Atalala kwa ndugu gani? Watoto watakula wapi, na shamba la mahindi litapaliliwa na nani? Kama nauli haipo, muulizeni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hamjauza ng'ombe wa maziwa. Ndugu wajitolee damu, maana wagonjwa hawa hupungukiwa damu. Mgonjwa akirudi amechoka, anaharisha, pengine hedhi imekoma, mumewe asimkimbie. Kuleni naye sahani moja, maana kansa haiambukizwi kwa chakula wala kwa kulala chumba kimoja.

Na kama ugonjwa umeshinda tiba, bado kazi ipo. Iko mofini ya maji ya kunywa, hutolewa kwa kipimo cha daktari, inatuliza maumivu makali. Watu huiogopa kwamba itamfanya mgonjwa mlevi. Mama aliyekesha akilia wiki nzima, akipata usingizi, hajalewa. Amepumzika.

Kikundi kikikutana juma hili kijadili maswali haya. Kati ya wanawake wa kitongoji chetu wenye miaka 30 na zaidi, wangapi wamepimwa? Aliyekataa amezuiwa na nini: nauli, aibu, au ruhusa ya mume? Na nani kati ya wanaume waliopo atamsindikiza mkewe siku ya kliniki? Katibu aandike majibu daftarini, ampelekee mganga wa zahanati.